Stakabadhi ghalani: mkulima atajuaje kama mfumo unamsaidia?

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kinachosikika kwanza ni bei ya mnada. Lakini bei hiyo peke yake haionyeshi kama mfumo wa stakabadhi ghalani umefanikiwa.

Mfumo ulianzaje?

Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2005. Korosho iliingizwa msimu wa 2007/2008, kuanzia Mtwara. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), zinapimwa, zinapelekwa ghala kuu, kisha wanunuzi wanashindana mnadani. Lengo ni kumwepusha na kangomba, yaani walanguzi wanaonunua kijijini kwa bei ya chini, mara nyingi kwa bakuli badala ya mizani.

Mambo manne ya kupima

*Fedha inayofika mkononi.* Tuseme bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo na makato yote ni 250. Mwenye kilo 500 atapata 1,375,000, si 1,500,000. Tuseme kangomba anatoa 2,000 kwa kilo, na bakuli lake linazihesabu kilo hizo 500 kama 400. Mkulima ataondoka na 800,000. Tofauti hiyo ya 575,000 ndiyo faida ya mfumo.

*Siku za kusubiri.* Bei nzuri inayochelewa humrudisha mkulima kwa kangomba, kwa sababu ada ya shule na chakula havisubiri. Aprili 2013 wilayani Liwale, mkoani Lindi, madai ya malipo ya korosho yalizua vurugu na nyumba zikachomwa moto.

*Uzito na daraja.* Kilo zilizoandikwa kwenye risiti ya AMCOS zilingane na kilo ulizolipwa.

*Wanaouza pembeni.* Kama majirani wengi bado wanauza kwa kangomba usiku, mfumo una tatizo, hata kama taarifa za mnada ni nzuri.

Usipime kwa msimu mmoja

Msimu wa 2017/2018 bei ilifika takribani shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300. Bei hutegemea pia soko la nje, hasa India na Vietnam. Kwa hiyo linganisha misimu mitatu au zaidi, na tazama kama makato na siku za kusubiri vinapungua. Hayo yako ndani ya uwezo wa mfumo wenyewe, tofauti na bei ya dunia.

Ufanye nini?

Piga picha kila risiti kwa simu yako. Andika tarehe ya kupeleka mzigo, kilo, bei ya mnada, makato na tarehe ya kulipwa. Kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, omba kila kato lisomwe kwa jina na kiasi. Mwanachama mwenye kumbukumbu zake si rahisi kudanganywa.