Karne Tano za Kumhesabu Lemingi

Kwa muda mrefu watu wa Skandinavia hawakujiuliza lemingi ni wangapi. Walijiuliza wametoka wapi. Mwaka jana hukumwona hata mmoja, na mwaka huu bonde zima limejaa vipanya vinene vya mkia mfupi, manyoya yao ya kahawia, manjano na meusi, wakipita kati ya miguu ya ng'ombe, wakifa maji mitoni, wakimfokea mbwa anayewasogelea. Mwaka unaofuata, kimya. Jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba wanadondoka na mvua. Olaus Magnus, askofu mkuu Msweden aliyekuwa uhamishoni Roma, aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1555 kuhusu watu wa kaskazini. Miaka 98 baadaye, yaani 1653, tabibu wa Denmark aitwaye Ole Worm alitoa kitabu kizima juu ya mnyama huyu mmoja. Worm alimpasua lemingi, akamchunguza ndani kiungo kwa kiungo. Hata hivyo aliendelea kukubali kwamba anaweza kuanguka kutoka angani, ila alidhani ni upepo unaombeba.

Tusiwacheke. Lemingi huishi sehemu kubwa ya mwaka mahali ambapo jicho la binadamu halifiki. Theluji inapotanda juu ya tundra, ile nyanda baridi isiyo na miti, joto kidogo la ardhi huilegeza theluji ya chini kabisa na kuacha uwazi mwembamba kati yake na udongo. Juu baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Humo ndani, theluji ikiwa nene, haishuki kiasi hicho. Lemingi huchimba njia zao humo, hula kuvumwani na mashina ya majani, hujenga viota vya nyasi na, jambo la ajabu kwa mnyama mdogo hivyo, huzaa katikati ya majira ya baridi. Mimba ni ya wiki tatu hivi. Theluji inapoyeyuka, jeshi zima linatokea mara moja. Aliyekuwa akitazama kutoka juu angewezaje kujua?

Hesabu yenyewe ilianzia dukani. Mwaka 1923 kijana Mwingereza wa miaka 23, Charles Elton wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikuwa akirejea kutoka msafara wa kisayansi visiwani Spitsbergen. Njiani alipita Tromsø, kaskazini mwa Norwei, akaingia duka la vitabu na kununua kitabu cha Robert Collett kuhusu mamalia wa Norwei. Hakukijua Kinorwei. Alikisoma kwa kamusi, neno baada ya neno, mpaka akafika kwenye sura ya lemingi, ambamo Collett alikuwa ameorodhesha miaka ya wingi wao. Elton aliipanga ile miaka na kuona kitu ambacho Collett hakukisisitiza: vilele vilirudi kila baada ya miaka mitatu au minne, karibu kama saa. Na huko Spitsbergen alikotoka hakuna lemingi hata mmoja. Mwaka 1924 alichapisha makala juu ya kupanda na kushuka kwa idadi za wanyama, na elimu ya ikolojia ikapata moja ya maswali yake makubwa, ambalo mpaka leo linabishaniwa.

Lakini orodha ya "miaka mingi" na "miaka michache" si hesabu. Elton alitaka tarakimu, na tarakimu za lemingi hazikuwepo popote. Akamtafuta mnyama ambaye tayari alikuwa na karani wake: mbweha. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyoanzishwa 1670, ilikuwa imenunua ngozi kaskazini mwa Kanada kwa karne mbili na nusu na kuandika kila kitu. Elton alikuwa mshauri wake kuanzia 1925 hadi 1931, akachimba katika vitabu hivyo. Mbweha wa Aktiki hula lemingi. Lemingi wakijaa, mbweha huzaa sana, na ngozi huongezeka baadaye. Ngozi ya mbweha ikawa kivuli cha lemingi. Alisoma pia kumbukumbu za biashara ya ngozi zilizotunzwa na wamisionari Wamoravian wa Labrador. Wasomaji wa Mbeya na Tabora wanalijua vizuri kanisa hilo. Ni lilelile lililofika Nyasa mwaka 1891. Huko Labrador lilikuwa na kituo cha Nain tangu 1771, na bila kukusudia makarani wake waliwaachia wanasayansi hazina.

Kivuli nacho kina udanganyifu wake. Bei ya ngozi ikipanda, wawindaji huongezeka. Maradhi yakiingia vijijini, mitego haitegwi. Ndiyo maana mwaka 1935 Oxford ilianza kutuma fomu kwa wafanyabiashara, polisi na wamisionari waliotawanyika katika Aktiki ya Kanada. Kazi hiyo ilibebwa na Dennis Chitty na mkewe Helen. Swali lilikuwa jepesi: lemingi, mbweha na bundi weupe mwaka huu ni wengi kuliko mwaka jana, ni wachache, au ni sawasawa? Hakuna aliyeombwa namba. Fomu ziliendelea kukusanywa hadi 1949, na kutokana na majibu hayo ya neno mojamoja ramani za eneo kubwa mno zikachorwa. Mimi naiheshimu fomu hiyo kuliko vifaa vingi vya gharama vilivyofuata, kwa sababu ilimwuliza mtu kile tu alichoweza kukijibu kwa ukweli.

Wakati huohuo, katika ofisi ya Oxford iliyoshughulikia idadi za wanyama, ambayo Elton aliianzisha 1932, hesabu ya kweli ilikuwa ikisukwa. Mwaka 1939 P. H. Leslie na D. H. S. Davis walichapisha jaribio la kupata idadi kamili ya panya katika eneo fulani. Eneo lenyewe halikuwa tundra: lilikuwa Freetown, Sierra Leone. Hoja yao inaeleweka na yeyote aliyewahi kutega panya ghalani. Ukiendelea kutega mahali pamoja, kila usiku unapata wachache kuliko jana. Kasi ya kupungua kwa mavuno inakuonyesha walikuwa wangapi mwanzoni.

Njia ya pili haiui. Mdenmark C. G. Johannes Petersen aliitumia kwa samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Mmarekani Frederick Lincoln kwa bata mwaka 1930. Chukua lemingi 50, watie alama, waachie. Baada ya siku chache tega tena. Ukipata 40, na kati yao 10 wana alama, basi wenye alama ni robo ya wote, na wote ni kama 200. Hesabu hiyo ni rahisi, ila inadai mambo magumu: asiingie mgeni, asife yeyote, na mwenye alama asiwe ameuogopa mtego au, kinyume chake, asiwe ameuzoea kwa sababu ya chakula. Lemingi hawatimizi masharti hayo, na kizazi baada ya kizazi cha wataalamu wa takwimu kimekesha kikirekebisha kanuni hiyo.

Mtego wenyewe ulikuwa tatizo. Mnyama mdogo hivyo akifungiwa usiku kucha kwenye baridi ya Aktiki anakufa kabla hujafika. Mwaka 1949 Chitty na D. A. Kempson walieleza mtego mpya wa alumini wenye sehemu mbili: njia ya kuingilia yenye mlango, na kijumba nyuma yake kinachojazwa nyasi kavu na chakula. Uliitwa Longworth, na bado unatumika. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa vifaa vyenye huruma zaidi katika historia ya sayansi ya wanyama: mateka hupewa kitanda na chakula.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kazi ilihamia tundrani kwenyewe. Huko Barrow, mji wa kaskazini kabisa mwa Alaska ambao leo unaitwa Utqiaġvik, Frank Pitelka wa Berkeley alianza miaka ya 1950 kuhesabu lemingi wa kahawia pamoja na ndege wanaowala, akaona bundi weupe na skua wakizaa sana katika mwaka wa kilele wa 1953. Finland, kule Kilpisjärvi, mitego imetegwa tangu miaka ya 1940. Wafini ndio walioeneza utaratibu wa miraba midogo, uliochapishwa 1971: pima mraba wa meta 15 kwa 15, weka mitego mitatu ya kubana katika kila pembe, jumla 12, kisha rudi mahali palepale kila msimu. Idadi kamili huipati, lakini mwaka huu unaweza kuupima na mwaka jana.

Katikati ya uvumilivu huo, filamu moja iliharibu mengi. Mwaka 1958 Disney ilitoa White Wilderness, ambamo lemingi wanaonekana wakijitupa majini kutoka kwenye jabali. Ilipewa tuzo ya Oscar. Mwaka 1982 televisheni ya CBC ya Kanada ilionyesha kwamba tukio hilo lilitengenezwa: lemingi waliletwa Alberta kutoka Manitoba na kusukumwa. Lemingi hawajiui. Wanapojaa huhama, na katika kuhama huzama.

Katika Bonde la Karupelv, mashariki mwa Greenland, mtafiti Benoît Sittler na wenzake wamekuwa wakifanya tangu 1988 jambo ambalo ningependa kulishuhudia. Theluji inapoyeyuka, viota vya nyasi vya majira ya baridi hubaki juu ya ardhi kama mipira iliyosahauliwa. Watu hutembea kwa mistari, bega kwa bega, na kuokota kila kiota. Kiota kilichotandikwa manyoya ya lemingi kina habari yake: mwindaji mwembamba wa jamii ya kicheche, anayepita katika njia zilezile, alimla mwenye nyumba na kulala ndani. Kwa hiyo ardhi hutoa mara moja hesabu ya waliokuwepo na ya baadhi ya waliouawa. Siku hizi, kwenye rasi ya Varanger nchini Norwei, kamera zilizofichwa ndani ya maboksi chini ya theluji hupiga picha kila mnyama anayepita, majira yote ya baridi.

Na hapo ndipo thamani ya kurudiarudia ilipoonekana. Karupelv vilele vikubwa vilitoweka baada ya mwaka 2000, na bundi weupe karibu waache kuzaa pale. Finse, kusini mwa Norwei, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2008 ulionyesha kwamba vilele havikuwa vimeonekana tena baada ya 1994. Theluji ilikuwa imebadilika: inanyesha mvua wakati wa baridi, maji yanaganda, na ule uwazi wa chini unaziba kwa barafu. Hali si hiyo kila mahali. Mwaka 2020 watafiti walipounganisha hesabu za Aktiki nzima hawakuona kushuka kwa jumla. Bila mifululizo mirefu, hakuna ambaye angejua lolote kati ya hayo.

Jambo hili linatufikia hata sisi. Kitwitwi wanaotafuta chakula kwenye matope ya Mida na delta ya Rufiji wakati lemingi wako chini ya theluji, baadhi yao huzaliwa Siberia. Lemingi wakipungua huko, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege. Mwaka 1987 Les Underhill alionyesha, kwa kutazama umri wa ndege hao katika wangwa wa Langebaan, Afrika Kusini, kwamba idadi ya makinda wanaofika inafuata mzunguko wa lemingi wa Siberia.

Tena kuna Morogoro. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wa Ubelgiji wamekuwa wakiwakamata panya shamba, kuwatia alama na kuwaachia, kwa njia ileile ya Petersen. Makala yao ya mwaka 1997 katika Nature, iliyoongozwa na Herwig Leirs, ilimshirikisha Nils Chr. Stenseth wa Oslo, mmoja wa wabobezi wa mizunguko ya lemingi. Ilihusisha mvua na idadi ya panya wanaokula mahindi ya wakulima wetu, na elimu hiyo haikupatikana kwa msimu mmoja. Nawaomba wanaopanga bajeti za utafiti wa kilimo nchini: mitego ya Morogoro iwekwe mwezi ujao, na mwezi utakaofuata, mahali palepale.