Deni la Kiufundi, na Ila Isiyokuwa Deni

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika mazungumzo ya mafundi wetu wa programu bila ya kupiga hodi, hapana iliyotumika kwa wingi na kufahamika kwa uchache kama "deni la kiufundi". Aliyeipa chimbuko ni Ward Cunningham, fundi wa Marekani, katika taarifa aliyoitoa mwaka 1992 juu ya WyCash, programu ya kusimamia vitegauchumi. Na kwa kuwa kazi yenyewe ilihusu fedha, aliona njia nyepesi ya kumbainishia mkubwa wake kwa nini msimbo unaofanya kazi leo wahitaji kuandikwa upya kesho ni kusema naye kwa lugha ya mikopo. Mtu aandikapo programu ilhali hajaifahamu kazi yake kwa ukamilifu huwa amekopa: mkopo mdogo huharakisha kazi, maadamu unalipwa upesi kwa kuurekebisha msimbo ulingane na ufahamu mpya, lakini usipolipwa, kila saa inayopotea kwa kuhangaika na msimbo usiolingana huwa ni riba.

Kiswahili hakikupata taabu na neno la kwanza, kwani deni, karadha, riba na rehani ni maneno yaliyokaa pwani tangu zama za mababu, wala haikuhitajiwa kamati ya kuyasanifu. Taabu iko kwenye neno la pili. Wako wasemao "deni la ufundi", nami silipendi, kwa sababu msikilizaji wa Lamu au wa Pemba aweza kufahamu ujira wa fundi ambao haujalipwa, jambo ambalo katika miradi hii nalo hutokea, lakini silo lililokusudiwa. Kiambishi cha "kiufundi" huondoa utatanishi huo, kikatujulisha kwamba tunasema juu ya namna kazi ilivyotendwa, si juu ya pesa anazodai aliyeitenda.

Hata hivyo, istilahi iliyofasiriwa sawasawa yaweza kutumiwa sivyo, na mintarafu ya miradi ya tovuti iliyoharibika mikononi mwa mawakala, naona hutumiwa sivyo mara nyingi. Mfanyabiashara aliyempa wakala kazi ya tovuti ya duka lake, akalipa sehemu kubwa ya fedha, kisha akaletewa nusu kazi (ukurasa wa malipo unaomtoza mnunuzi mara mbili akigusa kitufe mara mbili, maneno ya siri ya wateja yaliyohifadhiwa wazi kama yalivyoandikwa, picha nzito zinazokwamisha simu ya mtu mwenye intaneti dhaifu) humwita fundi mwengine, na huyo, akisha kuupekua msimbo, hutikisa kichwa na kusema kuna deni kubwa la kiufundi. Aliyekopa ni nani? Deni sharti liwe na mkopaji aliyejua kwamba anakopa na akapata kitu kwa kukopa kwake. Mfanyabiashara huyu hakukopa. Ameuziwa kitu chenye ila. Wanavyuoni wa fikihi ya biashara walikwisha kuyatenga mambo haya karne nyingi kabla ya kompyuta: deni hulipwa na aliyelichukua, ama ila iliyofichwa humpa mnunuzi khiyari ya kuirudisha bidhaa kwa muuzaji. Kuiita ila kwa jina la deni, basi, ni kumtwika mnunuzi hesabu ya muuzaji.

Mambo haya mawili aghalabu hukutwa yamechanganyika, na mchanganyiko huo ulidhihirika mbele ya dunia nzima katika HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kununulia bima za afya, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na siku ile ya kwanza wakafaulu kujiandikisha hadi mwisho watu 6 tu. Makandarasi walipohojiwa na kamati ya Baraza la Wawakilishi mwezi ule ule, ilibainika kwamba mfumo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, ulijaribiwa katika wiki mbili za mwisho tu. Na hiyo si karadha, ni taksiri. Lakini kipengele cha kumwezesha mgeni kutazama bei kabla ya kufungua akaunti kilikuwa kimewekwa kando kwa agizo la wenye mradi wenyewe, ili wawahi tarehe, na matokeo yake umati wote ukasongamana kwenye mlango mmoja wa kufungulia akaunti. Hilo lilikuwa deni hasa: walilichukua kwa hiari, na riba yake wakailipa siku ya kwanza.

Kikosi cha kuiokoa tovuti hiyo, kilichosimamiwa na Jeffrey Zients, na ambamo Mikey Dickerson alikuwa mmoja wa mafundi wakuu, hakikuanza kwa kuandika msimbo. Kilistaajabu kwanza kwamba hapakuwa na chombo hata kimoja cha kuonyesha tovuti ina kasi gani na inakwama wapi, kikakiweka. Kisha kikaona kwamba taarifa zile zile zinazoombwa na kila mtu zilikuwa zikitafutwa upya katika hifadhidata kila mara, kikaziweka karibu, katika kumbukumbu ya muda, na mara ukurasa uliokuwa ukichukua sekunde 8 ukawa unafunguka kwa sekunde 2. Katika mikutano ya kila siku, huko Columbia, Maryland, Dickerson aliweka kanuni ambazo napenda zingebandikwa katika kila ofisi yenye mradi ulioharibika: mkutano ni wa kutatua, si wa kutupiana lawama, na anayesema ni anayelijua jambo, si mwenye cheo. Ilipofika tarehe 1 Desemba, serikali ilitangaza kwamba kasoro zaidi ya 400 zimeondolewa na tovuti yaweza kuhimili watu 50,000 kwa wakati mmoja. Januari 2014 kazi ikaondolewa kwa CGI Federal, mkandarasi mkuu wa tovuti hiyo, ikapewa kampuni ya Accenture.

Kwa hiyo fundi mpya anayekabidhiwa kazi ya mwenzake afungue daftari mbili, na asilaumu wala asisifu kabla hajazijaza. Ya kwanza ni ya ila, ambayo mwenye mradi ataipeleka kwa wakala maadam fungu la mwisho la malipo bado liko mkononi. Ya pili ni ya madeni, ambayo wenyewe waliyakubali kwa kuharakisha, na hayo watayalipa wao.

Liko pia jambo la tatu ambalo si deni wala si ila: jina la kikoa, akaunti ya seva, na ghala la msimbo pamoja na historia yake yote ya mabadiliko. Vitu hivi ni amana mikononi mwa wakala, na amana haipunguzwi bei, hurudishwa. Pa kuanzia ni kwenye kumbukumbu za usajili wa kikoa, ambazo kwa majina ya .ke, yaani ya Kenya, husimamiwa na shirika la KeNIC, kutazama ni nani aliyeandikwa kuwa mwenye jina. Akiwa ni wakala, basi kabla ya kusomwa hata mstari mmoja wa msimbo, barua ya kudai amana ndiyo itangulie, kwani mwenye kukishika kikoa aweza kuizima hata tovuti iliyokwisha kutengenezwa.