Ubaguzi wa rangi, upendeleo wa weupe na sanaa ya kusikiliza: mafundisho kutoka historia ya Kanisa nchini Marekani

Tarehe 24 Aprili 1886, katika Basilika ya Mtakatifu Yohane wa Laterano mjini Roma, kijana Augustus Tolton aliwekewa mikono na kuwa padre. Alikuwa amezaliwa mtumwa mwaka 1854 katika jimbo la Missouri, nchini Marekani, mtoto wa wazazi Wakatoliki waliomilikiwa na Wakatoliki. Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mama yake, Martha Jane, alitoroka na watoto wake, akavuka mto Mississippi na kufika Quincy, Illinois. Huko kijana huyo alisikia wito wa upadre, lakini seminari za nchi yake hazikumpokea, na sababu ilikuwa rangi yake. Mapadre wachache waliomwamini walimtafutia nafasi Roma, katika chuo cha Propaganda Fide kilichowaandaa mapadre wa nchi za misioni.

Tolton alisoma akidhani atatumwa Afrika. Badala yake alirudishwa Quincy. Ibada zake zilipowavuta hata waamini weupe, padre jirani alikasirika, na Tolton akaelekezwa awahudumie weusi peke yao. Mwaka 1889 alihamia Chicago, akalilea kundi la waamini maskini katika parokia ya Mtakatifu Monika. Joto kali la Julai 1897 lilimwangusha akiwa njiani, akafariki dunia akiwa na miaka 43. Anahesabiwa kuwa padre wa kwanza wa Marekani aliyejulikana waziwazi kuwa mtu mweusi, na mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha atambuliwe kuwa Mwenye Heshima.

Tunaanza na habari zake kwa sababu moja. Waliomfungia mlango hawakuwa wapagani, wala hawakuwa wakatili waliokosa Injili. Walikuwa walezi wa seminari, watu wa Misa ya kila siku. Mwamini anayedhani kwamba ubaguzi ni dhambi ya watu wengine tu, wale wenye chuki ya wazi, hataielewa historia hii, na huenda asiielewe hata dhamiri yake mwenyewe.

Neno linaloleta ugomvi

Waamini wenye ndugu na watoto Marekani wamekuwa wakituuliza maana ya msemo unaosikika sana huko: upendeleo wa weupe. Msemo huu ulienea hasa baada ya mwaka 1988, pale mwalimu mweupe wa Marekani, Peggy McIntosh, alipoandika kwamba kuwa mweupe nchini mwake ni kama kubeba mkoba usioonekana, uliojaa mahitaji ya safari ambayo mbebaji hakuyafanyia kazi wala hajui kwamba anayo. Mweupe huingia dukani bila kufuatwa na mlinzi. Akikosea hadharani, hakuna anayesema kwamba ndivyo watu wa rangi yake walivyo.

Wengi wanapolisikia neno hili hukasirika. Husema: babu yangu alikuja na nguo alizovaa tu, alichimba makaa ya mawe, nani alimpendelea? Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland, Italia na Poland walitukanwa na kuteseka kweli. Ila neno lenyewe halidai kwamba mweupe hana shida. Linadai kwamba miongoni mwa shida zake, rangi ya ngozi haimo.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni ule wa nyumba. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilichora ramani za miji kwa ajili ya mikopo, na mitaa ya weusi ikapakwa rangi nyekundu, alama ya hatari. Kuanzia mwaka 1934 serikali ilidhamini mikopo ya nyumba, na kwa sehemu kubwa dhamana hiyo iliwaendea weupe katika vitongoji vipya. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari waliorudi waliahidiwa msaada wa masomo na makazi kwa sheria ya mwaka 1944, lakini askari mweusi aliyepigana vita ileile mara nyingi aliambiwa na benki kwamba mkopo haupo. Nyumba ya mweupe ikapanda thamani, ikasomesha watoto, ikarithiwa na wajukuu. Mweusi akaendelea kulipa kodi ya pango. Mwaka 1968 sheria ilipiga marufuku ubaguzi huo wa makazi, ila haikugawa upya urithi uliokwisha kulimbikizwa. Hivyo mjukuu wa leo anaweza kuwa hajamtukana mtu yeyote maishani mwake, na bado akawa anakaa juu ya msingi uliojengwa kwa kumnyima mwingine.

Kanisa halikuwa nje ya jambo hili. Tarehe 5 Agosti 1966, Martin Luther King aliongoza maandamano ya kudai haki ya makazi katika eneo la Marquette Park, Chicago, akapigwa jiwe kichwani. Katika umati uliorusha mawe na matusi walikuwamo Wakatoliki wengi wa mitaa ile, na kati ya waandamanaji walikuwamo mapadre na watawa. Waliorusha na waliorushiwa walikuwa wamebatizwa kwa ubatizo mmoja, na bila shaka wapo waliokomunika altare moja.

Maaskofu wa Marekani, katika barua yao ya kichungaji ya mwaka 1979, walitamka wazi kwamba ubaguzi wa rangi ni dhambi, wakarudia fundisho hilo katika barua nyingine ya mwaka 2018. Walikuwa wanasimama juu ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao katika Hati ya Gaudium et Spes, namba 29, unafundisha kwamba kila ubaguzi wa haki za msingi za mtu, uwe wa jinsia, rangi, hali, lugha au dini, ni kinyume cha mpango wa Mungu na budi uondolewe.

Kusikiliza kabla ya kujibu

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asiyelala hapo ana njia moja tu ya kujua: kumwuliza anayelala, kisha kunyamaza.

Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inatupa kielelezo. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Tazameni ambacho Mitume hawakufanya. Hawakudai ushahidi, hawakusema kwamba wao hawana ubaguzi, wala hawakuwalaumu wanung'unikaji kwa kuvunja umoja. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Yaelekea huduma iliwekwa mikononi mwa jamii ileile iliyokuwa imelalamika.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Evangelii Gaudium, namba 171, alifundisha kwamba kusikiliza ni sanaa, na ni zaidi ya kusikia. Sisi tunaijua sanaa hiyo msibani. Anayekwenda kuhani huketi mkekani, husema pole, kisha hukaa kimya. Hamuulizi mfiwa kama kilio chake kimezidi kipimo, wala hamkatizi ili kusimulia misiba yake mwenyewe. Lakini mtu huyohuyo, mwenzake anapomweleza jinsi alivyodharauliwa kwa rangi yake, hujibu upesi: labda hakukusudia, labda umeelewa vibaya. Majibu hayo humlinda msikilizaji tu. Anayesimulia huondoka na jeraha la pili. Wapo pia wanaolia sana na kuomba radhi papo hapo, hata aliyeumizwa akalazimika kuwafariji. Huko nako si kusikiliza.

Mwezi Juni 1989, Sista Thea Bowman, mtawa Mfransiskani mweusi kutoka Mississippi, aliwahutubia maaskofu wa Marekani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mgonjwa wa saratani. Aliwaimbia wimbo wa kale wa watumwa unaomtaja mtoto asiye na mama. Aliwaeleza kwamba anakuja katika Kanisa lake akiwa mzima, pamoja na historia yake, nyimbo zake na namna ya kusali ya watu wake, na kwamba hivyo vyote ni zawadi kwa Kanisa. Mwishoni aliwataka maaskofu wasimame, washikane mikono na kuimba naye, wakafanya hivyo, wengine wakitokwa na machozi. Alifariki dunia mwezi Machi 1990, na leo ni Mtumishi wa Mungu.

Machozi yale yalikuwa mwanzo tu. Mwaka 1838 Wayesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272 kwa wenye mashamba wa Louisiana kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha hizo ikalipa madeni ya chuo cha Georgetown. Mkuu wa Shirika huko Roma alikuwa ameagiza familia zisitenganishwe na fedha zisilipie madeni; maagizo hayo yalivunjwa. Kwa zaidi ya karne moja na nusu wazao wa waliouzwa, wengi wao Wakatoliki hadi leo, hawakuulizwa neno. Tarehe 18 Aprili 2017 waliketi pamoja na Wayesuiti katika ibada ya toba chuoni hapo. Mwakilishi wa Wayesuiti aliungama dhambi hiyo mbele yao, nao wakapewa nafasi ya kusema. Siku hiyohiyo jengo lililokuwa na jina la padre aliyesimamia mauzo lilipewa rasmi jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza katika orodha ya waliouzwa.

Nasi, kabla ya kuwahukumu wa mbali, tuna maswali ya nyumbani. Kuna wazazi katika jumuiya zetu ndogondogo wanaokataa mchumba kwa sababu ya kabila lake, na kuna watoto wenye ualbino wanaoachiwa benchi zima kanisani. Tukikutana nao Jumapili hii, tuanze kwa kuwauliza, nasi tuketi.