Mpira Uliofuata Saruji

Isangi, pale mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, mtoto anayependa kandanda hana haja ya kumwomba mtu kitu. Udongo upo, miti miwili ya goli ipo, na mpira hushonwa hata kwa matambara. Mwenzake anayependa basketi hana bahati hiyo. Mpira wake sharti udunde, na udongo wa msituni, ulioko karibu na ikweta na kunyeshewa takriban mwaka mzima, hauurudishi mpira mkononi. Anahitaji sakafu ngumu. Sakafu ni saruji, na saruji hiyo ikitoka Kisangani itashuka mto zaidi ya kilomita 100 kabla ya kumfikia.

Ukitaka kuelewa jinsi basketi ilivyoenea Kongo, fuata saruji. Ilimwagwa kwanza kwenye nyua za misheni, kwenye shule za mapadri, kwenye miji ya migodi na kwenye vituo vya serikali ya kikoloni. Teritori ya Isangi yenyewe ina kituo cha namna hiyo: Yangambi, makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1933. Mtoto aliyezaliwa karibu na sakafu kama hizo aliweza kuujua mchezo. Aliyezaliwa kijijini, ng'ambo ya mto, aliusikia tu.

Jambo la ajabu ni kwamba mchezo huu haukuzaliwa ukidai sakafu. James Naismith alipoubuni Desemba 1891 mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, alitundika vikapu vya kubebea matunda ya pichi kwenye roshani ya ukumbi wa YMCA na kuwapa vijana wake mpira wa kandanda. Kanuni zake zilikuwa 13, na mojawapo ilimkataza mchezaji kukimbia na mpira: alipoudakia, ndipo alipotakiwa kuutupia. Kudunda mpira kulikuja baadaye. Mchezo wa mwanzo ulikuwa wa pasi, wa macho, wa kujua mwenzako atakuwa wapi. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu lina faida kwa Isangi.

Mwanabasketi mkubwa kuliko wote aliyetoka kwetu ni Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Alisoma Boboto, shule ya Wajesuiti, akicheza kandanda. Basketi aliianza akiwa na miaka kama 16, na waliomsukuma hawakuwa makocha wa shule: ni baba yake na kaka yake, walioona urefu wake. Mwaka 1987 alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Huko kocha John Thompson alimchukua na kumfinyanga. Akaingia NBA mwaka 1991, akacheza misimu 18, akatajwa mara nne kuwa mlinzi bora wa mwaka. Alizuia mitupo 3,289, na katika historia ya ligi ile ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake aliyemzidi.

Tazama sasa waliofuata. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza kucheza akiwa na miaka 15, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya vijana wote wa mwaka huo. Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliondoka nyumbani akiwa na miaka 16 kwenda kucheza Yemen, akapita Hispania, akachaguliwa wa saba mwaka 2011. Wote watatu walipata jina kwa kazi moja, kusimama chini ya kikapu na kuzuia. Sina nia ya kuwapunguzia heshima. Kulinda kikapu ni ufundi. Lakini ni ufundi ambao kijana mrefu, mwenye bidii na akili, anaweza kuanza kujifunza akiwa na miaka 15 au 16. Kuuendesha mpira katikati ya watu watano wanaoutaka, kuutupa kutoka mbali ukiwa umechoka, hayo mkono huyazoea mapema, au huyazoea kwa shida.

Emmanuel Mudiay alizaliwa Kinshasa mwaka 1996, akakulia Texas baada ya familia yake kuvikimbia vita. Akawa mchezesha timu, mtu ambaye kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, alikwenda Marekani mwaka 2016 akiwa bado mvulana mdogo, na leo anaudunda mpira, anashambulia kikapu, anatupa kutoka mbali. Mudiay alichaguliwa wa saba mwaka 2015, Kuminga wa saba mwaka 2021, nafasi ile ile ya Biyombo. Tofauti yao naye naiona katika umri waliokuwa nao walipompata mtu wa kuwafundisha. Urefu wametoka nao Kongo. Mikono yao imefundishwa mbali.

Na tusizungumze kana kwamba basketi yetu ni ya wanaume. Timu ya wanaume ya Kongo haijawahi kufika Olimpiki. Ya wanawake ilifika. Wakati nchi ikiitwa Zaire, wanawake walichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994, kisha wakaenda Atlanta mwaka 1996. Marekani iliwafunga 107 kwa 47. Sare zao na gharama zao zililipwa na Mutombo, kutoka mfukoni mwake. Katika timu ile alikuwamo binti wa Kinshasa aitwaye Mwadi Mabika. Mwaka uliofuata ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilipoanza, Mabika alikuwamo na Los Angeles Sparks, na akatwaa nao ubingwa mwaka 2001 na 2002. Wazazi wanaosema basketi si ya wasichana wangepaswa kulijua jina hili kama wanavyolijua la Mutombo.

Mashariki, Goma ilionyesha kwamba mafunzo ya nje ya shule yanaweza kupata mizizi hata palipo pagumu. Dario Merlo alianzisha huko Promo Jeune Basket mwaka 2006, miaka minne tu baada ya volkano ya Nyiragongo kulifunika eneo kubwa la mji kwa lava. Watoto walifundishwa basketi na wakasimamiwa maishani, katika mji ambao vita haviuachi upumue.

Mafunzo ya namna hiyo yana gharama, lakini kumlipa mtu afundishe watoto si jambo geni kwetu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu ipasavyo, wazazi wa Kongo waliwalipa wenyewe kwa mchango ulioitwa prime, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Kwa hiyo mzazi wa Isangi au Kisangani akiambiwa achangie kidogo ili kocha amnoe mwanawe kabla ya timu ya shule kuchaguliwa, anaelewa vizuri anachoombwa. Anachostahili kuuliza ni kama kocha anajua kazi, na kama mtoto asiye na kitu ataachwa nje ya uzio. Binafsi naona kocha anayewafukuza wasio na pesa anajinyima wachezaji.

Na saruji ikikosekana? Hapo ndipo mchezo wa Naismith unapotufaa. Kwenye udongo mtoto anaweza kufundishwa pasi ya kifuani kwa mikono miwili, kugeuka kwa mguu mmoja bila kuunyanyua ule wa nguzo, hatua mbili za kuingia kikapuni, kumkaba mtu kwa miguu badala ya mikono, na kutupa kwenye ringi iliyofungwa kwenye mti kwa urefu wa mita 3.05. Kudunda peke yake ndiko kunakosubiri sakafu, na kwa hilo kipande kidogo cha baraza la kanisa au ghala kinatosha watoto wawili kwa zamu. Shule zetu hufunga Julai na kufunguliwa Septemba. Kocha anayeanza na watoto wa miaka 10 katika likizo hiyo anawatangulia wateuzi wa timu za sekondari kwa miaka kadhaa, na anampata mtoto kabla haijajulikana kama atakuwa mrefu au mfupi.