Radiografia ya Weldi: Dalili, Dosari na Kasoro

Mabomba mawili ya chuma yakichomelewa ncha kwa ncha ili kupeleka maji kutoka kisima kirefu cha Eldas, Kaunti ya Wajir, kinachoonekana ni mgongo wa weldi tu. Fundi akishagonga slagi, yaani ganda la takataka lililoganda juu ya weldi, na kupiga brashi, mgongo huo waweza kuwa laini kabisa, kumbe ndani mna vitundu vya gesi, au kingo mbili hazikuyeyukiana. Radiografia ya weldi ni ukaguzi wa kupiga picha humo ndani kwa mionzi bila kukikata chuma.

Mafundi wengi husema "eksirei", na wanaelewana. Lakini neno hilo ni finyu. Eksirei, alizozigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huhitaji mashine na umeme. Kwenye mabomba ya nyikani hutumika sana mionzi ya gama itokayo kwenye iridiamu-192, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 74 hivi. Radiografia inabeba zote mbili, na ndilo neno ninalolipendekeza.

Chanzo cha mionzi huwekwa upande mmoja wa kiungo, filamu upande wa pili. Palipopungua chuma, mionzi hupita kwa wingi na filamu huwa nyeusi zaidi. Kitundu cha gesi hutoa doa la duara. Slagi iliyonaswa hutoa mstari uliopindapinda. Mzizi, yaani kina cha chini cha weldi, usipopenywa hutoa mstari ulionyooka katikati ya weldi. Nyaya nyembamba zenye unene unaojulikana hupigwa picha pamoja na kiungo ili kupima ubora wa picha. Waya unaotakiwa usipoonekana, picha hiyo haifai kutolea hukumu.

Na hukumu inahitaji maneno matatu. Alama yoyote kwenye filamu ni dalili. Huenda ni mkwaruzo wa filamu tu. Ikithibitika kuwa imo ndani ya weldi, ni dosari. Dosari ikivuka kiwango kilichokubaliwa, mathalani cha ISO 10675-1, hapo ndipo inapokuwa kasoro na weldi kukataliwa. Vitundu vichache vidogo vyaweza kukubalika, ufa haukubaliki. Mkaguzi anayeita kila doa kasoro anamlazimisha fundi kufukua na kuchomelea upya weldi iliyo nzima, na chuma kinapata moto wa pili kisiouhitaji.

Hata hivyo, ufa mwembamba uliokingama njia ya mionzi waweza usionekane kabisa kwenye filamu. Kwa huo, ukaguzi wa mawimbi ya sauti hufaa zaidi.

Nchini Kenya matumizi ya mionzi yanasimamiwa na mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019. Enyi mnaoandika zabuni za mabomba ya maji Wajir, tajeni viungo vitakavyopigwa picha na kiwango kitakachotumika. Na siku ya kazi, eneo lizungushiwe kamba, mabango ya hatari yaandikwe kwa Kisomali pia, maana wafugaji na ngamia wao hupita hapo hapo.