Tippu Tip na Mbotela: vitabu viwili vya kusomwa pamoja

Hamed bin Muhammed el Murjebi, tajiri wa pembe za ndovu aliyejulikana bara na pwani kwa jina la Tippu Tip, alifariki Unguja mwaka 1905. Miaka michache kabla ya hapo aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyaandika upya kwa herufi za Kilatini, yakachapishwa Berlin. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu.

Ukianza kuisoma, ni vigumu kuiweka chini. Anaeleza alivyoanza akiwa kijana kwa kuuza sandarusi, alivyokopa mali Unguja, alivyompiga mtawala Nsama wa Itabwa mwaka 1867 na kuzoa pembe zake. Kisa cha Utetera, ndani ya Kongo, kinamwonyesha vizuri zaidi. Alikuwa amepata habari kwamba ndugu wa kike wa mtawala Kasongo Rushie walitekwa zamani wakapelekwa mbali. Akajitangaza kuwa ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akamkubali kama damu yake, akamwachia nchi. Tippu Tip anasimulia hila hiyo waziwazi, bila kujitetea.

Hapo ndipo msomaji anapopaswa kuwa macho. Pembe zinatajwa kwa frasila, kipimo cha kilo 16 hivi. Watekwao katika vita vyake hawana majina wala kauli. Tunajua mzigo ulikuwa na uzito gani, lakini waliouawa au kufungwa minyororo ili upatikane hatuwasikii.

Sauti yao tuitafute katika kitabu kingine. Mwaka 1934 James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa. Baba yake alitekwa utotoni upande wa Nyasa, akauzwa, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, kisha akapata makazi Frere Town, kijiji cha wamisionari karibu na Mombasa. Mbotela alikulia katika jamii ya watu kama hao. Kwake utumwa una sura: mtoto anatolewa kwao, anatembezwa hadi pwani, anapakiwa chomboni asijue aendako.

Naye Mbotela ana upande wake. Anawasifu mno Waingereza na kuwahukumu Waarabu kwa jumla, kana kwamba ukoloni wenyewe haukuwa na dhuluma. Lakini anatupa kile ambacho tajiri wa Unguja hakukiona kuwa na thamani ya kuandikwa.

Kwa hiyo naomba visisomwe kimojakimoja. Anayemsoma Tippu Tip peke yake atavutiwa na ujasiri wa safari na kuzoea damu iliyomwagika njiani. Anayemsoma Mbotela peke yake ataondoka akidhani uhuru ni zawadi iliyoletwa na meli ya kigeni. Walimu wa fasihi na wa historia wangeweza kugawana kazi hii darasani. Vyote ni vifupi, na Kiswahili chake bado kinaeleweka. Misafara ile ya pembe na watumwa ndiyo iliyoifikisha lugha yetu Tabora, Ujiji na Kisangani, na sisi tunaoirithi tuna wajibu wa kujua ilifikaje huko na nani alilipa gharama.