Farumi: Uzito Unaozaa Wimbi

Nahodha wa jahazi aliyekwisha kupakua shehena yake hakupenda kutweka tanga chombo kikiwa kitupu. Alitia mchanga au mawe ngamani, chombo kikakaa sawasawa majini. Mzigo huo usiouzwa ndio farumi. Neno limo kamusini, lakini siku hizi wengi wetu twasema “balasti”, jina ambalo kwa Kiingereza limebebeshwa pia kokoto za reli na kile kifaa cha taa za tyubu ambacho mafundi wetu hukiita choki. Kiswahili kilikwisha kuvitenga vitu hivi vitatu. Hatuna sababu ya kuvirundika upya.

Leo farumi imepata kazi ambayo nahodha yule hakuiota. Katika maziwa ya Marekani kuna mchezo wa kuteleza juu ya wimbi la tezi, yaani wimbi linaloinuka nyuma ya boti. Mchezaji huvutwa kwa kamba hadi asimame ubaoni, kisha huiachia kamba akabaki akisukumwa na wimbi lenyewe, mita chache tu kutoka kwenye boti inayokwenda kiasi cha kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Boti ikizama zaidi husukuma maji mengi zaidi, na maji hayo yanaporudi kuziba pengo huinuka. Wimbi, basi, ni mtoto wa uzito. Ila nahodha alitia farumi ili chombo kisilale. Wachezaji hawa waliirundika upande mmoja wa tezi makusudi boti ilale, wimbi la upande huo liwe refu na safi. Tangu mwaka 2013 hivi, boti mpya za bei ya juu zina vibao vya tezi vinavyokengeusha maji bila kuilaza boti.

Mwenye fedha haba anayetafuta boti kuukuu asivililie vibao hivyo. Farumi kwa asili yake ni kitu cha bure: jana mchanga wa pwani, leo maji ya ziwa. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo mfuko wa lita 340 uliojazwa kwa pampu ni sawa na kupakia watu wazima watano. Boti ya miaka ya 1990 yaweza kutiwa mifuko hiyo ikatoa wimbi la kuridhisha.

Kisichobadilishwa baadaye ni mahali pa propela. Boti ambayo propela yake inatokeza nyuma ya tezi haifai kabisa, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mchezaji yuko hapo hapo nyuma. Inayotakiwa ni ile yenye propela chini ya tumbo, mbele ya usukani. Na kati ya hizo, ile ambayo injini yake imekaa tezini imekwisha kujitilia farumi. Yenye injini katikati itadai maji zaidi nyuma.

Wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mnunuzi akishazisifu rangi na spika, na ainame. Boti nyingi kuukuu za faiba zimejengwa juu ya mbao za urefu, nazo zikipenyewa na maji huoza, sakafu ikabonyea chini ya mguu. Huwezi kuitwisha boti ya namna hiyo mamia ya kilo. Fundi naye apime kompresheni ya kila silinda, aikague na bloku ya injini, maana maji yaliyosahauliwa ndani yake wakati wa baridi kali huganda na kuipasua. Kama kipo kibao cha uwezo, kisomwe pia: farumi huhesabiwa pamoja na abiria.

Baada ya mchezo farumi humwagwa palepale ilipotekwa. Kome wenye milia ya pundamilia, wasumbufu wa maziwa ya Marekani, walifika huko miaka ya 1980 katika maji ya farumi ya meli kutoka Ulaya, na tone lililosalia tangini laweza kuwahamishia ziwa jingine. Kwa hiyo muuzaji aulizwe maswali mawili kabla ya bei: boti yako hubeba farumi kiasi gani, na je, huimwaga yote?